Mwenzangu wa Kazini Anauliza

Tarehe 4 Februari

Kijiko wangu,

Mimi mzima, kasoro magoti, na magoti hayaandikiwi barua. Wewe je? Unakula? Kwenye ile picha uliyotuma umebaki shingo tupu. Nilimwonyesha Mama Mapacha hapa jirani, akasema ndiyo mtindo wa mjini. Mtindo gani wa kuanika mifupa? Mtoto niliyembandika jina la Kijiko kwa sababu hakuwa anakiweka chini hata sahani ikiisha, leo ndiye wa kunitia aibu kwa wembamba!

Najua utasema, shangazi si angepiga simu. Simu na mimi tumeshagombana. Miaka yote hii ya kusimama katikati ya mashine za kufulia na rola za kupigia pasi, masikio yangu nimeyaacha kazini. Mtu akinipigia nasikia mbu tu. Kwenye barua angalau unaningoja nimalize.

Hospitali imetuletea rola jipya. Linanyoosha shuka kama karatasi, lakini kelele zake, mama yangu! Sasa hatusemeshani kwa mdomo kabisa, ni mikono kama kawaida yetu. Nikishika sikio, mvuke umezidi. Nikijipiga begani, msimamizi anakuja, jifanyeni mna kazi.

Nina swali la kazini kwako, maana sina mpwa mwingine anayekaa kwenye kaunta ya mfuko wa uzeeni. Kuna mwenzangu huku ameona tangazo ubaoni. Linasema eti sheria mpya inamruhusu mfanyakazi kutoa sehemu ya akiba yake ya uzeeni akaenda kusoma, na asikatwe kodi. Ni kweli hiyo, au ni yale matangazo ya kutupumbaza? Mwenzangu anauliza tu. Nijibu kwa Kiswahili cha watu, siyo cha ofisini.

Ni mimi, shangazi yako


Tarehe 13 Februari

Shangazi, shikamoo.

Barua yako niliisoma nikiwa kaunta, nikacheka mpaka mteja akaniuliza kama na yeye atachekeshwa au atahudumiwa.

Mwambie mwenzako hivi. Hela anayoweka kwenye mfuko wa uzeeni haikatwi kodi, ndiyo maana tunawahimiza watu waweke. Akiitoa kabla hajafika sitini, mtu wa kodi anakuja kuchukua chake, na anachukua kweli kweli. Ila sheria mpya imefungua mlango mmoja: ukiitoa ili usome, haikatwi kitu. Masharti ni kwamba chuo kiwe kwenye orodha inayotambulika, na hela uirudishe kidogo kidogo kila mwaka. Siku ya kustaafu ikifika hujamaliza, kilichobaki kinahesabiwa kuwa umekila, kinakatwa kodi hapo hapo. Hicho ndicho Kiswahili cha watu.

Sasa zamu yangu kuuliza. Kwenye kaunta hii hakuna mtu anayeuliza la kwake. Kila mtu ana rafiki. "Rafiki yangu anataka kujua, akitoa zote leo itakuwaje?" Nami najibu huku nikimtazama huyo rafiki usoni. Kwa hiyo nimeshazoea kuchunguza marafiki. Huyo mwenzako ni nani hasa?

Nauliza kwa sababu Mama Mapacha aliniambia, na tafadhali usimgombeze, kwamba Jumanne na Alhamisi jioni hupatikani nyumbani. Kwamba umenunua viatu vipya. Kwamba ukipita kibarazani kwake manukato yanabaki nyuma. Shangazi! Anavaa suruali?

Wako Kijiko, ambaye anakula


Tarehe 22 Februari

Wewe mtoto,

Ati anavaa suruali! Kufulia kwetu sote tunavaa suruali, hospitali ndiyo inayotupa sare. Na Mama Mapacha nitamgombeza, nimeshamgombeza, na jioni tumekunywa chai.

Nimemfikishia mwenzangu maelezo yako, amefurahi, anasema hujambo kwa kueleza. Lakini ana wasiwasi. Umri wake ni huu huu wangu, hamsini na nne. Masomo ni ya jioni, miaka miwili, anataka kusomea ukalimani. Ameshafanya usaili na nafasi amepewa. Ada ndiyo hana, ila hiyo akiba. Anauliza, kwa umri huo si atakuwa amechelewa? Wewe unayewaona watu wengi, unamwonaje mtu kama huyo? Sema ukweli, usimpambie.

Viatu ni kwa sababu vya zamani vilinibana.

Shangazi


Tarehe 3 Machi

Shangazi, shikamoo.

Umesema niseme ukweli, basi nausema.

Mwambie mwenzako aache. Miaka hamsini na nne! Imebaki sita astaafu. Miwili ataimalizia kwenye dawati, iliyobaki haitamtosha kurudisha, na mwishoni mtu wa kodi atamngoja mlangoni. Nimewaona kwenye kaunta hii wazee waliochezea akiba yao, wanakuja na bahasha mkononi kuuliza kama hakuna kosa kwenye hesabu. Hakuna kosa. Wanakaa kwenye kile kiti na hawainuki.

Halafu ukalimani wa lugha gani? Ya mapenzi? Mtu mzima anayeanza kusoma wakati wenzake wanahesabu siku za kupumzika, mimi simwamini. Atakaa darasani na watoto wa kuwazaa, asinzie, wampige picha wacheke. Kila mtu ana wakati wake na wa kwake umepita. Mwambie hivyo hivyo.

Na akikuomba umwongezee hela, mwambie una mpwa mkali anayejua sheria zote za kodi na nyingine atazitunga. Umebaki peke yako tangu mjomba, mume wako, afariki, ni haki yako kupata wa kuzungumza naye, sikatai. Lakini akiba yako isiguswe na mtu. Wewe ndiye mama niliyebaki naye duniani. Ukiharibikiwa uzeeni nitachanganyikiwa.

Kijiko


Tarehe 11 Machi

Kijiko,

Barua imefika. Nimemfikishia mwenzangu kama ulivyoandika, sikupunguza neno. Amekuelewa. Nafasi yake chuoni ameirudisha.

Huku mvua.

Shangazi


Tarehe 30 Machi

Shangazi, shikamoo tena na tena.

Hii ni barua ya pili naandika tangu ile yako ya tarehe 11, bila jibu. Umeninunia? Mistari mitatu na mvua! Hata Babu Muhuri wa dawati la pili, ambaye hajawahi kusema sentensi nzima tangu aajiriwe, angeandika zaidi.

Kama ni kwa ajili ya huyo mwenzako, najua nilikuwa mkali. Lakini Mama Mapacha anasema siku hizi jioni zote uko nyumbani, na mimi kusema kweli nimepumua. Afadhali uninunie ukiwa salama.

Niandikie hata matusi.

Kijiko


Tarehe 9 Aprili

Dada,

Hunijui. Mimi ni kiziwi. Napiga pasi pamoja na shangazi yako. Huku wananiita Shuka, kwa sababu nakunja mashuka haraka kuliko wote. Lugha yangu ni ya mikono. Kuandika kunanichosha, kwa hiyo nitasema mafupi.

Hakuna mwanamume. Mwenzake anayeuliza ni yeye mwenyewe.

Mwaka jana nilikuwa nyumbani, nimejifungua. Mama mmoja kiziwi alileta mtoto wake hospitali. Hakuna aliyemwelewa. Muuguzi akakimbia chini kwetu, akasema nyie si mnaongea kwa mikono, mmoja aje. Shangazi yako akaenda. Lakini mikono ya kufulia ina maneno machache. Inasema moto, simama, mvuke, msimamizi. Yule mama alisema mengi. Shangazi yako hakuelewa. Walisubiri mpaka mchana, ndugu wa yule mama alipofika, ndipo daktari akajua mtoto amemeza nini. Mtoto alipona. Shangazi yako hakupona.

Niliporudi kazini aliniambia nimfundishe. Tulikuwa tunasoma wakati wa chai. Halafu nikamwambia, mimi si mwalimu, nenda ukasome ukalimani wa lugha ya alama. Jumanne na Alhamisi alikuwa anakuja kwenye ukumbi wetu sisi viziwi kufanya mazoezi. Ni mbali na anatembea, ndiyo viatu. Manukato ni ya kuondoa harufu ya dawa ya kufulia. Nimesoma barua yako, ndiyo maana najua unataka kujua manukato.

Alinionyesha ile ya tarehe tatu. Hakulia. Aliikunja, akarudi kwenye rola. Siku hiyo mashuka yake yalitoka na mikunjo.

Mwalimu hajampa mtu nafasi yake. Anasubiri mpaka mwisho wa Mei. Mimi nataka asome. Nikienda na mwanangu kwa daktari, nataka aje yeye.

Usimwambie nimekuandikia. Au mwambie, simwogopi.

Shuka


Tarehe 14 Aprili

Shangazi,

Nimejua. Usimkasirikie aliyeniambia.

Sijui nianze wapi. Nimeandika kurasa nne nikazichana. Ile barua yangu naikumbuka yote, kwa bahati mbaya. Wakati wake umepita, nilisema. Wampige picha wacheke, nilisema. Kwako! Wewe uliyekuwa unarudi na vidole vimevimba, unakaa na mimi mezani unanishikia taa umeme ukikatika, hujui hesabu ninayofanya lakini unaniambia rudia, hiyo haijakaa vizuri. Na kweli ilikuwa haijakaa vizuri.

Nina kazi ya kuwatazama watu usoni nijue shida zao, na wako sikuuona. Nilikuwa nimeshikwa na wivu, Shangazi. Niliona kuna mtu anakuja kukuchukua. Nilitaka ubaki hapo hapo nilipokuacha, kwenye lile dirisha la nyumbani kwako, ukiningoja likizo.

Ada nitalipa mimi. Yote. Akiba yako isiguswe, na wewe uende shule. Nimeshapiga hesabu, naweza. Sema ndiyo tu.

Nakupenda mpaka naumwa tumbo.

Kijiko wako


Tarehe 23 Aprili

Kijiko,

Huyo Shuka nitamkunja yeye. Aliponiona nimeshika bahasha yako akaanza kucheka kabla sijaifungua. Hana haya hata kidogo, na ndiye rafiki niliyenaye.

Kwanza, hela zako kaa nazo. Mimi nilikusomesha, sikukukopesha. Ukinilipa utakuwa umenifanya duka. Usirudie tena neno hilo, tutagombana kikweli.

Pili, nimekusamehe siku ile ile, hata kabla sijapanga jibu. Sikunyamaza kwa hasira. Nilinyamaza kwa sababu nilikuamini. Ulikuwa umesema yale yale ninayojiambia nikijitazama kwenye kioo cha kule bafuni kazini. Nikasema, hata Kijiko, tena wa ofisini, ameona hivyo, basi.

Lakini nikuambie jambo. Yule mama siku ile alinishika mikono yote miwili. Alidhani ni yeye anayekosea, akawa ananirudishia maneno polepole, polepole, kama unavyomwelekeza mtoto kufunga kamba za viatu. Na mimi natikisa kichwa tu. Alikuwa na akili zake timamu, na habari yote anayo, na mwanawe anabadilika rangi, na mtu aliyeletewa ni mimi. Niliona aibu ambayo sijawahi kuona. Nimefua damu ya watu miaka mingi, Kijiko, sikuwahi kujiona sifai.

Nataka kusoma. Haya, nimesema. Siyo mwenzangu, ni mimi. Nataka sana.

Ila naogopa. Sitaki kuja kukukalia kichwani uzeeni. Zile hesabu zako zilikuwa za hasira au za kweli? Nijibu kama karani, siyo kama mwanangu. Nione kama naangukia pua, nijue mapema.

Shangazi yako


Tarehe 2 Mei

Mpendwa mwanachama,

Si umetaka karani? Basi kaa kwenye kiti, weka mkoba chini.

Hesabu zilikuwa za kweli, mdomo ndio ulikuwa wa hasira. Ukichukua ada yote kwenye akiba, hutamaliza kurudisha kabla ya sitini, na kodi itakula kipande. Pensheni yako ya kila mwezi itapungua kiasi unachotumia sasa kwa umeme na gesi. Hilo halibembelezeki. Miezi mingine utalihisi.

Lakini kuna kitu ambacho sikukuambia Februari kwa sababu nilikuwa nawinda mwanamume badala ya kusoma sheria. Sheria ile ina upande wa pili. Mwajiri anayemlipia mfanyakazi wake masomo, hela hiyo inatolewa kwenye hesabu yake kabla hajatozwa kodi. Hospitali yenu ni ya biashara, inalipa kodi kama duka lolote. Kumsomesha mtu wa kufulia awe mkalimani ni nafuu kwao kuliko wanavyodhani, na nadhani hakuna aliyewahi kuwaambia. Wakikulipia nusu tu, wewe utatoa nusu kwenye akiba yako, na hiyo utaimaliza kuirudisha kabla ya sitini hata ukiugua mafua mara mbili. Nimeirudia hesabu hiyo. Imekaa vizuri.

Mengine mawili. Chuo chako nimeangalia, kipo kwenye orodha. Na faili lako mimi siruhusiwi kuligusa, kanuni zinakataza kumhudumia ndugu. Litashikwa na Babu Muhuri. Ni mkali, hasomi barua isiyo na tarehe, lakini haonei mtu.

Sasa karani anaondoka, anakuja mtoto. Shangazi, kwa mkurugenzi utakwenda wewe. Sitakuandikia maneno ya kusema. Mwambie hayo ya yule mama na mikono, kama ulivyoniambia. Mimi nimeyasoma kwenye basi nikapitiliza kituo.

Na suala la kunikalia kichwani: kichwa changu wewe ndiye uliyekuwa unakisuka kila Jumapili, mpaka nikapata macho ya Mchina kwa kuvutwa nywele. Kalia unavyotaka.

Nenda kabla ya mwisho wa mwezi. Tafadhali.

Kijiko


Tarehe 12 Juni

Kijiko wangu,

Kaa chini nikupe habari, na ushike kitu.

Kwa mkurugenzi nilikwenda mara tatu. Mara ya kwanza nilifika mlangoni, nikajifanya nimekuja kuchukua mapazia ya kufua. Nikayachukua kweli. Mara ya pili nikayarudisha yakiwa safi, nikashuka bila kulitaja jambo langu. Mara ya tatu Shuka akanisindikiza, akagonga mlango mwenyewe halafu akakimbia, mwanamke mzima mwenye mtoto!

Nilimweleza. Akaniuliza, wagonjwa viziwi wanaokuja hapa ni wangapi kwa mwezi? Nikamwambia, hatuwezi kujua, maana wengi wakishashindwa kuelewana na mtu wa mapokezi wanarudi nyumbani. Akaweka kalamu chini. Ndipo nikamtolea la kodi kama ulivyonieleza. Hapo akakaa wima, akamwita mhasibu. Watu hawa, Kijiko! Ya mgonjwa yalimgusa, simsingizii, ila la kodi ndilo lililomnyanyua kitini. Wanalipa nusu. Sharti ni kwamba nikimaliza nitawatumikia wao kwanza, nami nikasema kwani nilikuwa naenda wapi?

Babu Muhuri wako ameidhinisha siku mbili kabla Mei haijaisha. Pembeni ya karatasi akaandika kwa kalamu, "Masomo mema, mama." Umesema hasemi sentensi nzima. Basi kwangu amesema.

Siku ya kwanza darasani mwalimu, naye kiziwi, akataka kila mtu ajitambulishe kwa mikono. Nilikuwa nimefanya mazoezi wiki nzima. Nilipoinuka, mikono ikasahau yote, ikajiendea yenyewe kama iko kazini. Nikajipiga begani mara mbili mbele ya watu. Mwalimu akauliza, hiyo ni alama gani, sijawahi kuiona. Ikabidi nieleze: msimamizi anakuja, jifanyeni mna kazi. Walicheka mpaka wengine wakalala kwenye madawati. Tangu siku hiyo mwalimu akiingia, darasa zima linajipiga begani.

Hakuna aliyenipiga picha. Mmoja tu aliniomba nikae naye, kwa sababu nina penseli zilizochongwa.

Nina furaha ya kijinga. Natembea nikitabasamu peke yangu, watu wananipisha.

Mwanafunzi


Tarehe 19 Novemba

Kijiko,

Nimefeli mtihani wa vitendo.

Siyo akili, ni vidole. Baridi ya mvua ikianza vinakaza, hasa hivi viwili vya kulia vilivyowahi kubanwa na rola. Herufi ninazounda kwa vidole zinatoka zimekunjamana. Mwalimu anasema naongea kama mtu mwenye mdomo umejaa chakula. Wenzangu wote wamepita. Nimewapongeza, nimerudi nyumbani, nimelala na viatu.

Hela imeshatoka kwenye akiba. Ya hospitali imeshalipwa. Nimefanya nini, mwanangu? Si ningekaa tu na mashuka yangu?

Shangazi


Tarehe 24 Novemba

Shangazi,

Rudia. Haijakaa vizuri.

Kwenye kifurushi kuna glavu za sufi, uvae usiku na mchana, na dawa ya kuchua, na chupa ya kukanda kwa maji moto. Mwalimu nimemwandikia ujumbe kwa simu, anasema mtihani unarudiwa Februari bila malipo, na kwamba wewe ndiye mwanafunzi pekee anayekuja kabla yake. Na Shuka ananiambia vidole vyako vilianza kulegea tangu mlipohamishia mazoezi karibu na bomba la mvuke, ila wewe hutaki kukiri kwa sababu wazo lilikuwa lake.

Nakuja Jumamosi. Siji kukuhurumia. Nakuja unifundishe. Wiki iliyopita alikuja mteja kiziwi, mzee wa watu, amekaa kwenye kiti kile mbele yangu na sikuwa na hata salamu ya kumpa.

Kijiko


Tarehe 8 Agosti, mwaka wa tatu

Kijiko wangu,

Cheti umekiona mwenyewe siku ile ulipokuja kunililia mbele ya watu ukanitia aibu, kwa hiyo sitakieleza. Nikueleze ya jana, maana nimeamka nayo.

Asubuhi niko kufulia, siku hizi ni nusu siku chini na nusu siku juu. Muuguzi akaja, kwa mwendo wa kawaida, akasema mama, unahitajika chumba namba sita. Nikanawa, nikavaa kitambulisho.

Nikakuta bibi mmoja, mkubwa kuliko mimi, amevaa vizuri, mkoba magotini. Kiziwi tangu kuzaliwa. Amekuja na mwanawe, mtu mzima na mvi zake, na huyo mtoto ameshaanza kueleza kwa daktari: mama anaumwa hivi, mama hali vizuri, mama hapati usingizi. Anaeleza kwa upendo kabisa. Daktari anaandika. Bibi anatazama ukutani.

Nikakaa mbele yake, nikamsalimu. Akanitazama mikono, si uso. Nikamwambia mimi ni nani na kwamba atakachosema ndicho nitakachosema, sitaongeza wala kupunguza. Akamtazama mwanawe. Akamwashiria atoke nje, kwa adabu. Mlango ukafungwa.

Basi akaanza. Kijiko, alisema! Alisema maumivu yalipoanza na mwaka yalipoanza. Alisema dawa fulani ilimdhuru naye akawa anaitema. Alisema mambo ya mwanamke ambayo mama hawezi kumpa mwanawe wa kiume amsemee. Macho yangu na ulimi wangu viliwaka moto kumfuata. Mahali pawili nilimwomba arudie, akarudia bila kuchoka. Daktari aliacha kuandika, akawa anasikiliza, halafu akachana karatasi ile ya kwanza akaanza nyingine.

Tulipomaliza, bibi alifunga mkoba wake, akanishika mkono. Akaniuliza nina umri gani, nikamwambia hamsini na sita. Akaniuliza nimeajiriwa lini hapa, nikamtajia. Akahesabu kwa vidole vyake, taratibu. Nilidhani atanipongeza.

Akaniuliza, "Miaka yote hiyo nakuja hapa. Ulikuwa wapi?"

Nikamwambia, "Chini ya miguu yako, bibi. Nilikuwa nafua shuka ulilolalia."

Shangazi yako, mkalimani